Meza Ndefu ya Mutisya

Nyumba zetu za kanjo, yaani za baraza la jiji, pale Shauri Moyo, Nairobi, zilikuwa za chumba kimoja, na katika chumba kimoja familia haili pamoja hata ikiwa inakula wakati mmoja. Baba anakalia kiti, mama yuko kwenye kibao karibu na jiko, watoto wamepangana ukingoni mwa kitanda na sahani magotini, na mgeni akija mmoja wao anahamia mlangoni. Mnakula, mnashiba, lakini hamtazamani. Mutisya, jirani yetu wa ukuta, hakuipenda hali hiyo hata kidogo. Alikuwa akisema, "Nyumbani tunakula tushibe. Hotelini tunakula tuonane."

Alikuwa seremala katika karakana moja ya milango huko Industrial Area, Mkamba mrefu mwenye mabega mapana, na kicheko chake kilipenya ukuta kikatufikia kitandani. Mume wangu Kinyanjui alifanya kazi naye karakana hiyo hiyo. Kila mwisho wa mwezi, Jumapili baada ya ibada, Mutisya alitukusanya: mkewe Mbeti, binti yao mkubwa Kanyiva na wadogo zake, sisi na watoto wetu, na yeyote aliyeonekana mlangoni wakati huo. Tulishika njia kwa miguu, tukapita Pumwani, tukaingia Eastleigh hadi hoteli ya Mzee Hashi.

Haikuwa hoteli ya kifahari. Meza zilifunikwa plastiki ya maua, kuta zilipakwa kijani hadi usawa wa kiuno, na sabuni ya kunawia ilifungwa kwa kamba kwenye bomba. Lakini Hashi alikuwa na meza moja ndefu karibu na dirisha, na Dirie, mhudumu wake, akituona tunakuja alianza kuipangusa kabla hatujavuka barabara. Mutisya alikaa katikati ya meza, si mwishoni mwake, ili asikie pande zote. Supu ya mbuzi ilitangulia, ikafuata pilau na ndizi mbivu kando, kama wanavyokula Wasomali. Mara ya kwanza niliicheka ndizi hiyo. Mara ya pili niliimaliza kabla ya wali. Nyama ya mifupa ilikuja kwenye sinia na ni yeye aliyeigawa, na hakuna aliyehitaji kuomba, maana alijua nani anapenda mbavu na nani hawezi kutafuna kitu kigumu. Akianza kusimulia kisa, meza za jirani nazo zilinyamaza.

Mimi kabla ya kumjua nilidhani hoteli ni mahali pa wanaume na wasafiri. Mama yangu kule kijijini Kiambaa angeniona nimekaa pale na kijiko mkononi, natumikiwa mchana kweupe, angeuliza kwangu kumekosekana nini. Wanawake wengi wa ploti yetu walikula hotelini mara ya kwanza maishani mwao wakiwa kwenye meza ile.

Mwaka wa 1977, wakati wa mvua ndefu, mnyororo wa kuinulia magogo ulikatika pale karakana ukampiga usoni. Kinyanjui ndiye aliyemwinua kutoka sakafuni, na alirudi nyumbani na shati ambalo sikuweza kulisafisha. Taya lilikuwa limevunjika. Hospitalini walimfunga meno kwa nyaya, na kwa muda mrefu akawa wa kunywa uji na supu kwa mrija. Mbeti alimpondea kila kitu, hata maharagwe, akayachuja kwa kitambaa. Mwili ule mkubwa ukaisha, koti likabaki linaning'inia.

Nyaya zilipotolewa, taya lilikuwa limeunga vizuri. Kilichobaki ni ganzi. Upande wa kulia, kuanzia mdomo wa chini hadi kidevuni, hakusikia kitu. Ungemgusa kwa kidole, asingejua. Yeye aliona hilo ni jambo dogo kwa mtu aliyeponea chupuchupu, na Jumapili ya kwanza aliyopata nguvu alitaka twende kwa Hashi.

Tulikwenda tukiimba njiani. Hashi mwenyewe alitoka jikoni akamkumbatia. Supu ikaletwa, nyama ikaletwa, na Mutisya akaanza kutusimulia habari za wodi. Alisimulia vizuri kama zamani, lakini mchuzi ulikuwa unamtoka upande ule usiosikia, ukateremka kidevuni, ukaingia kwenye kola ya shati jeupe, na punje za wali zikakaa pale pale. Hakuna aliyemwambia. Tulimtazama machoni kwa nguvu, kila mmoja akiombea mwenzake aseme. Mezani pa pili palikuwa na bwana mmoja na mkewe waliovaa vizuri. Mama yule alimnong'oneza mumewe, wakainuka na sahani zao, wakahamia upande mwingine wa hoteli.

Mutisya aliwafuata kwa macho. Kisha akatutazama sisi, uso baada ya uso, akainua mkono akajigusa kidevu. Aliuangalia mkono ule kwa kitambo. Akauweka mfupa kwenye sahani, akapangusa uso, akasema amechoka, twendeni nyumbani.

Tangu siku hiyo Mutisya hakula tena mbele ya mtu. Chumbani mwao, kama chumbani mwetu, palikuwa na pazia lililotenga kitanda na sehemu ya kukaa. Mbeti alimpakulia, naye akachukua sahani yake, akaingia nyuma ya pazia, akakaa kitandani akiupa ukuta uso. Kazini, wenzake wakienda kununua githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, kwa akina mama wa barabarani, yeye alibaki ndani kati ya milango. Harusi alihudhuria kanisani tu, matanga alikaa nje. Watu walidhani amekuwa na maringo. Kinyanjui alijaribu kumshawishi mara nyingi akachoka.

Meza yetu nayo ilikufa. Tulijaribu kwenda bila yeye, mara moja, tukakaa kama watu wanaosubiri basi. Hashi alipokutana na mume wangu sokoni Gikomba alimuuliza rafiki yake yuko wapi, na Kinyanjui akasema anaendelea vizuri, anasalimia.

Hali hiyo ilikwenda hadi mwaka wa 1980, Kanyiva alipopata kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa msichana mtulivu, mrefu kama baba yake, na alikuwa mtoto wa kwanza katika ploti yetu kufanya kazi ya kukalia kiti. Mshahara wake wa kwanza ulipotoka aliwaambia wazazi wake kwamba Jumapili anawapeleka kwa Hashi, wao na sisi na wadogo zake, kama zamani.

Baba yake alimshukuru, akambariki, akamwambia ampeleke mama yake. Yeye angebaki kulinda nyumba.

Mbeti alinisimulia yaliyofuata, huku akifuta machozi na kucheka kwa pamoja. Alisema jioni hiyo alipakua ugali, sukuma wiki na nyama kidogo. Mutisya akachukua sahani yake akaingia nyuma ya pazia. Kanyiva akachukua yake pia, akainuka, akalifungua pazia, akaingia. Mbeti alimsikia mumewe akisema, kwa sauti ya chini, "Toka, mwanangu. Baba anakula."

"Na mimi nakula," Kanyiva akajibu. "Geuka, baba. Siwezi kula na mgongo wako."

Kisha kitanda kikalia, maana mtu mzito alikuwa anageuka. Wakala. Mbeti na watoto wadogo upande huu hawakutafuna hata tonge moja, walisikiliza tu. Baada ya muda Kanyiva akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mtu kwamba kifungo chake kimefunguka, "Mchuzi umeshuka hapa, baba. Hapa chini kidogo. Basi, umetoka."

Wakaendelea kula.

"Ni hivyo tu?" Mutisya akauliza mwishowe.

"Ni hivyo tu."

Mbeti anasema mumewe alimwambia binti yake kwamba alidhani ni kitu cha kutisha. Miaka yote hiyo alijiona kwa macho ya yule mama wa hotelini, kwa kuwa sisi wengine hatukuwahi kumwonyesha macho yetu.

Kesho yake alimwita Kinyanjui kazini wakati wa chakula, akamwambia akae mbele yake, wakala githeri pamoja kati ya milango. Walipatana kuhusu ishara: Kinyanjui akijikuna kidevu, Mutisya ajipanguse. Alijifunza kutafunia upande wa kushoto, kuchota kidogo, kuinamisha kichwa akinywa. Mume wangu alikuja nyumbani akijikuna kidevu hata akiwa peke yake, nikamuuliza kama ana upele.

Jumapili ikafika. Mutisya alivaa shati jeupe. Mbeti alikuwa amempigia pasi shati la kaki, lisiloonyesha madoa, lakini akalikataa. Tulipokaribia Eastleigh mwendo wake ulipungua, akasimama kando ya duka la vitambaa akijifanya anatazama nguo. Kanyiva akasimama naye. Hatukumhimiza. Baadaye akavuka barabara mbele yetu sote.

Dirie alikuwa mlangoni. Alitazama meza ndefu, ambayo ilikuwa imekaliwa na madereva wa malori wanaokunywa chai, akawaendea, akawaomba wahame kwa heshima kubwa, nao wakahama na vikombe vyao. Mutisya akakaa katikati. Hashi alitoka jikoni, akamtazama, akarudi jikoni. Punde supu ikaja ambayo hatukuiagiza, na ndani yake vipande vya nyama vilivyokuwa vikubwa kuliko kawaida.

Mutisya alikunywa. Kinyanjui akajikuna kidevu. Mutisya akajipangusa. Pilau ikaja, ndizi zikaja, sinia ya mifupa ikawekwa mbele yake, naye akaanza kugawa kama ambaye hakuwahi kuondoka. Mimi nilipata ubavu wangu.

Kwenye meza ya jirani alikaa mama mmoja na mtoto wa kike, labda wa miaka minne, na mtoto huyo alikuwa amemkazia macho Mutisya bila kupepesa. Mbeti aliliona hilo. Mama wa mtoto naye aliona, akamgeuza shingo kwa mkono. Mtoto akarudi kutazama pale pale. Kinyanjui alisahau ishara yake, mkono ukabaki hewani.

Mutisya akaweka kijiko chini, akamgeukia mtoto.

"Unaona mdomo wangu?" akamuuliza. "Ulipigwa na mnyororo. Upande huu umelala, hauamki. Kwa hiyo mchuzi ukinimwagikia mimi sijui. Wewe ukiuona, utaniambia?"

Mama wa mtoto akaanza kuomba radhi. Mutisya akamwambia, "Mwache, mama. Nimemwomba msaada."

Mtoto akafikiri. Kisha akanyoosha kidole, akasema kwa sauti iliyosikika hadi jikoni, "Upo!"

Ndipo Mutisya akacheka. Ni kicheko ambacho sikuwa nimekisikia ukutani kwa miaka mitatu. Mbeti akacheka, Kanyiva akacheka, madereva wa malori wakacheka bila kujua sababu, na Dirie akalazimika kuweka trei chini. Mutisya akajipangusa kidevu waziwazi, mbele ya hoteli nzima, akamuuliza mtoto kama sasa amependeza. Mtoto akasema ndiyo. Mutisya alimwagikiwa na supu na pilau mara nyingi mchana ule, na kila mara mtoto yule au mmoja wetu alimwambia, naye alipangusa na kuendelea na kisa chake. Shati lilirudi nyumbani na madoa. Mbeti alilifua siku ya pili akiimba, na mimi nilikuwa upande wa pili wa kamba nikianika nguo zetu, nikaimba naye.

Baada ya hapo tulirudi kwenye desturi yetu. Kanyiva alipoolewa, baba yake alikula mbele ya wakwe zake wote, akawaeleza habari ya mdomo wake kabla ya chakula ili wasijisumbue kukwepesha macho. Mwaka wa 1984, karakana ilipompandisha cheo kuwa msimamizi, alitupeleka hoteli ya mjini yenye vitambaa vyeupe mezani na wahudumu waliovaa tai. Aliomba kitambaa cha pili, akakifunga shingoni, akaagiza kwa sauti yake ya kawaida. Waliotutazama walitazama, wakamaliza, wakarudi kwenye sahani zao.

Siku moja karakana ilimwajiri kijana mmoja kutoka Mukuru kwa Njenga, jina lake Maingi, ambaye vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimeliwa na mashine huko alikotoka. Kinyanjui aliniambia kijana yule hula amegeukia ukuta. Mutisya alimwona siku hiyo hiyo. Alichukua chakula chake, akaenda akaketi kati ya Maingi na ukuta.

Mwisho wa mwezi Maingi alikuja Shauri Moyo na mkewe, wamevaa nguo zao za kanisani, tukatembea wote hadi Eastleigh. Dirie alikuwa ameunganisha meza nyingine kwenye ile ndefu, maana tulikuwa tumeongezeka. Mutisya akamketisha Maingi karibu naye, na Dirie akaja kumuuliza anakula nini. Maingi akasema pilau. Akaangalia huku na huku, akaona sote tunamsubiri, akautoa mkono wake mfukoni akauweka juu ya meza.

"Na supu," akasema. "Ya mifupa."