Kompyuta Nne na Ng'ombe wa Kabula

Mahona ni fundi simu hapa Bariadi, na kwa uoga hana mpinzani. Betri ya simu ikichemka kidogo tu, anairusha nje. Halafu mtu huyohuyo anataka kujaza chumba chake kompyuta nne kubwa, zile za ofisini zilizotumika, aziunganishe zipige kazi pamoja. Wapiga video wa harusi hapa mjini, kompyuta zao ndogo zinakesha na video moja. Yeye aimalize kwa saa moja, wamlipe.

Bajeti kaiandika kwenye boksi la kava za simu: mashine, RAM, feni, waya mpya kutoka kwenye mita, umeme wa miezi mitatu. Hela yenyewe milioni nne. Katoa wapi? Kauza ng'ombe watano mnadani, wa mahari ya mdogo wake, Kabula. Kwetu Wasukuma hao ndio kaka anatolea mahari akioa.

"Kuoa nini, mwanangu? Mashine zitaniletea mke," akanichekea mimi rafiki yake.

Juzi mchana nimekaa naye kibandani kwake, hela iko kwenye begi, kesho yake apande gari la Mwanza kununua mzigo, Kabula akaingia. Nguo kafunga kwenye kitenge, jicho moja limevimba limefumba.

"Kaka, mimi kule sirudi."

Mahona akakaa chini. Si kwa huruma, namjua. Ndoa ikivunjika, ng'ombe wanadaiwa. Walikuja kumi na wawili, zizini wamebaki saba. Jasho lilimtoka kama kanyeshewa.

"Pumzika," akasema. "Nitaongea na shemeji, labda utarudi..."

"Ataniua, kaka."

Damu ikanichemka. "Mrudishe uone, Mahona! Hilo jicho umeliwekea bajeti gani, fala wewe?"

Mahona akavuta boksi lake. Akakata RAM. Akakata mashine tatu. Chini akaandika: kununua ng'ombe watano. Akapiga hesabu, akaitazama ile mashine moja iliyobaki, nayo akaikata.

Hapo nje pikipiki ikazima. Mwanaume akaita jina la Kabula kwa nguvu. Mume wake.

Mahona akaruka. Nikajua anakimbilia dirishani. Hapana, kaenda kusimama mlangoni.

"Shemeji," akasema, "ng'ombe zako utawakuta wote. Huyu hutoki naye."

Na mlangoni hakuondoka.