RAM ya Mwalimu na Binti Aliye Kigoma

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya fundi kompyuta hapa Ikwiriri nikisubiri simu yangu, akaingia mwalimu mmoja wa kijiji cha Mtawanya, kompyuta kaikumbatia kifuani.

"Fundi, nitafutie RAM, kumbukumbu ya kompyuta, ya bei nafuu inayokubali kukimbizwa kupita kasi yake," alisema. "Mashine haina kadi ya picha, inaitegemea RAM. Kila Jumapili nashindana mbio za magari za kwenye kompyuta na binti yangu, yuko Kigoma na mama yake. Gari langu linakwamakwama."

Fundi akazisogeza kando RAM zinazowaka taa. "Taa hazikimbii, mwalimu. Chukua hizi mbili pacha, za kasi ya kati, zenye bati la kupoza joto. Mazabodi yako, ule ubao mkuu wa ndani, inaruhusu; tutazipandisha kasi wenyewe."

Akazipachika, akazipandisha kasi. Kioo kikawa cheusi, mwalimu akashika kichwa. Fundi akaishusha kasi kidogo, mashine ikawaka na kutulia.

Mwalimu hakuweza kungoja Jumapili. Aliunganisha intaneti ya simu, akampigia binti, wakaanza. Gari likateleza bila kukwama hata mara moja.

"Baba, leo umenishinda!" sauti ya mtoto ikajaa duka.

Mwalimu akacheka. Kisha mtoto akauliza, "Baba, unakuja lini?"

Mwalimu akaacha vidole juu ya kibodi. "Likizo, mama. Likizo."

Fundi akajifanya anatafuta bisibisi. Mimi nikatazama nje.

Ndugu msomaji, siku hizi hata RAM ya bei chee huongezwa mwendo. Likizo bado haijapata fundi wa kuikimbiza.