Sefu na Mkeka wa Wazee

Wenzangu mliokulia Kerenge zama za Mwingereza, najua hamjasahau futari za barazani. Jua likikaribia kuzama kila nyumba ilitoa sinia lake, na hakuna mwanamume aliyefuturu peke yake ndani kwake. Ilitandikwa mikeka miwili. Mmoja ulikuwa wa wazee, penye uji wa pilipili manga na ndizi za nazi zilizoiva vizuri. Wa pili ulikuwa wetu vijana, karibu na moshi wa jikoni, penye mihogo na kelele. Mikeka yenyewe ilikaribiana, lakini kutoka huu kwenda ule mtu alitembea miaka. Mpaka uoe, uzae, kichwa kianze kuota mvi, ndipo usikie, "Karibu huku."

Sefu hakungoja hayo. Alikuwa mtoto wa baba yangu mdogo, rika langu kabisa. Tulichunga mbuzi pamoja, tukajifunza herufi kwa kuandika mchangani kwa kidole, tukachapwa na mwalimu mmoja. Mtihani ulipokuja, yeye akavuka, mimi nikabaki na jembe. Akaenda kusoma sekondari Tanga. Mwaka mmoja alirudi likizo ndani ya Ramadhani, amevaa soksi ndefu, akasema wanafundishwa somo jipya liitwalo uchumi.

"Ndiyo kitu gani hicho?" baba alimuuliza, sinia likiwa bado limefunikwa.

"Ni elimu ya kujua kwa nini bei ya kitu inapanda na kwa nini inashuka, baba mkubwa."

Wazee walitazamana. Hilo ndilo walilobishania kila walipotoka gulioni. Baba akasogeza goti, akapapasa mkeka ubavuni pake. "Hebu njoo hapa utueleze."

Sefu akaenda kukaa na wazee, kidevu kitupu. Adhana ilipoadhiniwa mimi nilibaki na muhogo mkononi, na sikusikia ladha yake.

Alieleza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Kitu kikiwa kichache na wanaokitaka wakawa wengi, bei hupanda, kikijaa, hushuka. Basi akawashauri wasiuze ndizi mapema. Wangoje gulio la mwisho kabla ya Idi, siku ambayo kila mama anatafuta mkungu. Baba akapaza sauti kwangu, "Na wewe unayeshinda kwenye migomba, unaonaje?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi yangu. Maneno nilikuwa nayo, lakini mbele za watu ulimi wangu hukauka. Nikasema, "Sawa, baba." Naye akamgeukia Sefu tena.

Kijiji kizima kikangoja. Gulio la mwisho likafika, na kijiji kizima kikapeleka ndizi siku hiyohiyo. Mikungu ilijaa mpaka kando ya barabara, na wanunuzi kutoka Korogwe mjini na Handeni walipita wakibonyezabonyeza na kucheka.

"Mchumi," shangazi Zaina akaita, ameketi nyuma ya lundo lake, "njoo ununue wewe basi, maana leo walio wachache ni wanunuzi."

Tulirudi nazo vichwani. Idi ile tulikula ndizi asubuhi, mchana na jioni, na maganda yake mbuzi wakayakinai.

Siku ile ya gulio, njiani kurudi, nilikuwa na furaha niliyoificha. Nilijua jioni ile Sefu atarudi kwenye moshi wetu, na pengine kule kwa wazee patabaki mahali pa mtu. Kweli alikuja mwenyewe, akaketi kwetu, kichwa chini. Adhana ikaadhiniwa. Baba akatazama huku na huku.

"Mwanangu Sefu, mbona uko huko? Njoo. Juzi ulitueleza inavyopanda, leo tueleze imeshukaje."

Sefu akaenda, akaeleza, tena kwa maneno yaleyale ya juzi. Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Kumbe. Ndiyo maana watoto wanapelekwa shule."

Baba alimwita yeye "mwanangu". Mimi aliniambia, "Wewe, ongeza uji huku."

Siku hizi nina mkeka wa wazee peke yangu, kwa sababu kila mtu anafuturu ndani kwake. Mjukuu wangu yuko sekondari hapahapa Korogwe na anasoma uchumi. Hana habari na mikeka. Anakula chumbani, sahani mapajani, macho kwenye simu, na ukimwita anajibu "poa" kabla hujasema unachotaka. Ramadhani iliyopita nilimwendea mlangoni, nikamwomba anieleze kwa nini sukari hupanda bei kila mwezi huu.

"Babu, hiyo ni ya mwanzo kabisa," akasema bila kuinua kichwa. "Tulishaifanyia mtihani, nimeshaisahau."

Nilisimama pale mlangoni, mzee mzima, nikimwonea wivu: somo lile alipewa, na aliweza hata kulisahau.