Siku Bibi Alipoziba Tarumbeta

Katika siku zangu zote, mwanangu, ninayoikumbuka kwa hofu na kicheko ni siku ya harusi yangu, huku kwetu juu ya Sanya Juu. Mimi binti wa Kichaga, marehemu mume wangu Mmasai wa tambarare. Msimu ule ng'ombe wao walikuwa wamekula mahindi yetu, vijana wetu wakawapiga mawe, damu ikamwagika. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Na nyasi nilikuwa mimi.

Baba aliikubali ndoa kwa shingo upande. Baba mkubwa, kiongozi wa tarumbeta za kanisani, hakuikubali kabisa. Wakwe zangu walipoingia uani wakiimba, kama ilivyo desturi yao, aliwapa wenzake ishara, wakapuliza kwa nguvu zote ili wawafunike. Wamasai wakapandisha sauti, tarumbeta nazo zikapanda. Baba mkwe akageuka, akawaita watu wake waondoke. Nililia mbele za watu, mwanangu, nikijua wakishuka mlima hakuna harusi tena.

Ndipo bibi yangu, mzaa baba, akainuka. Alikuwa mfupi, mkali, na hakuwa na haraka. Akaenda hadi kwa mwanawe, yule baba mkubwa, akaiziba tarumbeta yake kwa kiganja.

“Mdomo wako umeshiba, Ndesario,” akasema. “Liache sikio nalo lishibe.”

Mtu mzima na ndevu zake akanywea. Tarumbeta zote zikakoma, na kwa mara ya kwanza tukawasikia Wamasai, wakiondoka huku bado wanaimba: mmoja anatangulia, wengine wananguruma kwa koo. Mpigaji wetu wa tarumbeta ya besi akajaribu kuifuata ile ngurumo, akaikosa vibaya mno. Baba mkwe akacheka, akarudi, akamngurumia sikioni mpaka akaipata. Tulifunga ndoa.

Sikudanganyi, ng'ombe hawakuacha kupenda mahindi. Ila tangu siku ile, kila walipoingia shambani, tulimtuma mtu kwa baba mkwe, wazee wakakaa wakazungumza.

Basi nyinyi mnaogombana leo harusini upigwe muziki wa nani, nisikilizeni. Hata wimbo waweza kuwa fimbo. Kabla hujamwimbia jirani wimbo wako, nyamaza, ujifunze kuuitikia wa kwake, hata akikucheka. Kuchekwa hakujamwaga damu ya mtu.

Mungu akupe pumzi ya kuimba, mwanangu, na unyenyekevu wa kuitikia. Ukaolewe au ukaoe kokote, wakupokee kama wao.