Firigisi za Salamabila

Katika ukoo wetu firigisi haigawanywi. Kuku akifika mezani, watu wanaweza kugombea paja na kununiana kwa ajili ya bawa, lakini firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na siku ya kupokea wakwe ni ya mkubwa wa wakwe. Mimi nimesoma hadi chuo kikuu, nafundisha historia katika shule moja ya sekondari hapa Kasongo, na nadhani nimeosha firigisi nyingi kuliko vitabu nilivyofungua. Sikuwa nimeonja hata moja. Wala sikuwahi kulifikiria jambo hilo, kama vile mtu asivyofikiria kwa nini hajawahi kukaa kwenye kiti cha padri.

Binti yangu ni muuguzi huko Salamabila, mji wa wachimba dhahabu, na huko ndiko alikopata mchumba, kijana muuza vipuri vya pikipiki. Kijana huyo alilelewa na baba yake mkubwa, mkulima wa Kabambare, na mzee huyo ndiye aliyeshika neno la mwisho. Akiridhika, ndoa ipo. Akiondoka amenuna, hakuna wa kumrudisha. Kwa desturi angekuja kula nyumbani kwangu Kasongo, ila mgongo wake ulikuwa umekataa safari ndefu ya pikipiki, kwa hiyo tukapatana tukutane Salamabila. Mgongo wangu haukuulizwa. Mume wangu alikwisha kufariki, kaka yangu alikuwa amelazwa na malaria, hivyo upande wa bibi harusi ulikuwa mimi peke yangu, pamoja na vumbi nililokuja nalo.

Chumba cha binti yangu kinatosha kitanda na sufuria, tena kwa zamu.

"Mama, tutamupeleka kwa Muchina," akaniambia. "Kila mutu anakula pale."

Mchina huyo alikuwa mtu wa Kantoni, wa umri wangu hivi. Alikuja kuwapikia wenzake waliochimba dhahabu. Wenzake wakaondoka, yeye akabaki na tanuri lake alilolitengeneza kwa pipa la mafuta. Mgahawa wake ni kibanda cha mbao chenye meza chache na kisanduku cha kioo kando ya barabara, na ndani ya kioo bata waliochomwa wananing'inia kwa shingo, wekundu, wakidondosha mafuta. Nyama ya nguruwe ina gogo lake na panga lake upande wa pili wa pazia, kwa heshima ya Waislamu, na ole wake mteja atakayeligusa panga hilo akalipeleka upande usio wake.

Mzee alifika pamoja na kijana wake, akiwa amevaa koti na kofia. Alisimama mbele ya kioo akawatazama wale bata kwa muda.

"Hawa walikosa nini?" akauliza.

Nilikuwa nimeagiza bata mzima, kwa maana mkwe lazima aone kwamba hakuna aliyetangulia kula. Mpishi alimtungua bata mmoja kutoka kwenye ndoano, akamlaza juu ya gogo, na kabla sijakaa vizuri akawa amemkatakata, mifupa na vyote, kwa panga pana lililoshuka kama mvua juu ya mabati.

"Papa, nilisema muzima!"

"Iko muzima," akanijibu bila kuinua macho. "Hakuna kipande kilichokimbia."

Akavipanga vile vipande juu ya wali katika umbo lile lile la bata, kichwa mbele, mkia nyuma, ngozi ikimeremeta kama kiatu cha Jumapili. Nilitulia kidogo. Nikamkaribisha mzee aanze.

Hakuanza. Aliinua kipande kimoja kwa uma, akakirudisha. Akainua kingine. Alikuwa akitafuta kwa adabu, yaani kwa namna ya mtu asiyetafuta kitu, na alipokuwa amekwisha kuuzunguka mwili wote hadi mkiani, aliweka uma chini.

"Nimeshiba," akasema.

Hakuwa ametia hata punje mdomoni. Chini ya meza binti yangu alinishika goti. Mzee akamgeukia mtoto wa ndugu yake, akamwuliza kwa upole wa kutisha:

"Bata ya huku inazaliwaka bila firigisi?"

"Baba, labda iko chini ya muchele," akasema kijana, akaanza kuufukua wali kwa kijiko kama mchimbaji aliyeahidiwa dhahabu.

Niliinuka, nikaenda nyuma. Mpishi alikuwa ameketi karibu na chungu cha mchuzi mweusi wenye harufu ya dawa ya kikohozi, na humo ndani zilikuwemo firigisi, zikichemka taratibu.

"Papa, firigisi ya bata yetu iko wapi?"

"Ile njo yangu. Mugeni anakula nyama, mupishi anakula vya ndani. Kwetu iko vile."

"Na kwetu, papa, bila ile firigisi mutoto wangu haolewi."

Akachungulia kupitia pazia. "Yule muzee wa kofia?"

"Njo yeye."

"Na wewe ukamuleta mukwe ku resto!" Alisonya kwa mtindo ule ule wa marehemu mama yangu. "Mukwe haletwake ku resto, mama."

Alileta bakuli mwenyewe. Ndani mlikuwa na firigisi nne. Mzee aliziangalia, akamwangalia mpishi.

"Bata moja, firigisi ine? Ya kwetu iko gani?"

Mpishi alionyesha ile iliyokuwa juu. "Hii."

"Unajua aje?"

"Mimi njo nilimufungua."

Mimi nilikuwa nimeziona zote chunguni, zikifanana kama mapacha. Lakini nimefundisha historia miaka mingi, najua wakati wa kutodai ushahidi.

Mzee alikula. Alitafuna, akafumba macho, akafumbua, akavuta sahani ya wali karibu naye. Kisha akabaki akitazama zile zilizosalia, na nilimwona akihangaika, maana hakuna aliyemfundisha la kufanya na firigisi za ziada. Mwishowe akampa kijana moja.

"Utakuwa baba ya nyumba. Kula."

Hapo ndipo ndoa ilipokubaliwa. Binti yangu aliliachia goti langu. Nilikuwa bado nafurahia nafuu hiyo wakati bakuli liliposukumwa mbele yangu.

"Na wewe."

"Muzee, mimi iko mwanamuke."

"Ulikuja mu nafasi ya nani?"

"Ya baba yake."

"Basi, baba yake akule."

Nikala. Natamani niandike kwamba ilikuwa ngumu, chungu, kitu cha kawaida kilichopewa sifa za bure. Ilikuwa tamu mno, na hilo ndilo lililoniudhi. Niliikumbuka kila firigisi niliyoiosha, nikaitia chumvi, nikaipeleka sebuleni kwa mikono miwili.

Nilipoinua kichwa, binti yangu alikuwa amekwisha kuichukua ya nne. Hakuomba, hakumtazama mtu. Alikuwa akilamba mchuzi vidoleni.

Mzee alimgeukia kijana.

"Umeona?" akasema. "Usiseme kesho hatukukuonyesha."