Kalenda Niliyowabandikia Wenzangu

Kosa ni langu, hakuna mwingine wa kusukumiwa. Niliharibu ofisi nzima kwa karatasi moja na kalamu za rangi, na nilijiona mjanja.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa msimamizi wa ofisi ndogo ya ushirika wa maziwa karibu na Kiirua. Nikapelekwa semina Embu, nikanywa chai na mandazi, nikarudi profesa. Nikabandika ukutani kalenda kubwa ya karatasi ya manila. Kila mfanyakazi na rangi yake, na anayetaka ruhusa apake siku yake. Sheria ilikuwa mtu mmoja tu kwa siku, na hakuna kunililia.

Nyekundu ilikuwa yangu. Ijumaa zote nikazipaka mapema, eti kikazi. Kazi gani? Nilikuwa nakula mbuzi Kianjai na marafiki.

Basi mama mkwe wa Mama Kendi, taipisti wetu, akafariki. Maziko ni Ijumaa. Alikuja kwangu kwa adabu zote.

"Mkubwa, tafadhali, nipe tu hiyo Ijumaa moja."

Nikamwonyesha ukuta. "Mama, mimi ningekubali, lakini si unaona imejaa?"

Kama vile ni ukuta uliojipaka! Wenzake waliniambia alipiga chapa Ijumaa hiyo nzima huku machozi yanamtoka. Kwa kina mumewe wakasema amemdharau marehemu. Mimi nilikuwa Kianjai nikichagua mbavu.

Haukupita muda, baba yangu akatuacha. Tulimzika Alhamisi. Niliwawekea watu wa ofisi viti mbele kabisa, chini ya turubai. Mwenye kuongoza ratiba akasema, "Wenzake wa kazini wasimame tuwaone."

Hakuna aliyesimama. Akarudia. Watu wakaanza kugeuza shingo. Nilitamani kuingia kaburini na mzee.

Niliporudi ofisini nilifoka. Mama Kendi akanijibu polepole, hata hakuinua sauti.

"Pole sana, Mkubwa. Sote tulitaka kuja. Lakini Alhamisi wewe ndiye uliyekuwa nje, na ni mmoja kwa siku."

Nilijifungia ndani nikalia, mtu mzima na tai yangu.

Wewe uliyepewa kacheo juzi na tayari unatafuta ukuta wa kubandika sheria, nisikie. Hao unaowanyima siku ndio utakaowahitaji ukifiwa. Kalenda niliichana siku hiyohiyo, lakini baba yangu mdogo, aliyeviona vile viti vitupu, kila tukikutana, bado huniuliza kwa huruma kama nimepata kazi.