Mlinzi wa Boila

Mama hakuwa mtu wa kukaa. Tangu tutoke kambini Kigoma na kuletwa Marekani, alikuwa akizunguka kwa watoto wake: Louisville kwa kaka yangu mkubwa, Columbus kwa dada yangu aliyepanga kitongoji cha Reynoldsburg, kisha kwangu Buffalo. Kwangu ndiko alikokaa muda mfupi kuliko kote, wiki mbili au tatu, maana kwetu Warundi mama hazeekei kwa mkwewe. Anazeekea kwa mtoto wa kiume. Nilijua hivyo, na jambo hilo liliniudhi.

Kisha mimi na mume wangu tukanunua nyumba mtaa wa East Side, kuukuu, ya mbao, na chini yake boila la mvuke. Mvuke ulipanda kwenye mabomba hadi kwenye redieta, vile vyuma vizito vinavyosimama chini ya madirisha na kupasha vyumba joto. Mama alipokuja, nilimshusha ngazi nikamwonyesha kijidirisha cha moto, bomba la kioo linaloonyesha maji, na koki ya kuongezea. Nikamtania, "Mama, hili ni sufuria tu. Likikauka, tumeungua!" Nilicheka peke yangu. Kambini aliwahi kuona maharage ya jirani yakikauka mekoni, mwenyewe yuko kwenye foleni ya maji, na nyumba tatu za nyasi zikateketea.

Basi akakaa. Wiki ya nne, ya tano, halafu miezi. Kila asubuhi nikijiandaa kwenda kazini ghalani, nilimsikia akishuka ngazi, kisha koki ikilia. Kaka akipiga simu kumwuliza anarudi lini Louisville, alijibu, "Bado nina kazi huku." Nilifurahi mno. Nilijiambia amelipenda boila kwa sababu ni moto anaouona kwa macho, si ule upepo wa joto wa kwa kaka unaotoka kwenye matundu ya dari. Hadithi hiyo niliisimulia hata kanisani.

Baridi ya mwaka 2015 redieta zikaanza kugonga. Zilipiga kama mtu aliyefungiwa nje, na ile ya sebuleni ikawa inatema maji ukutani. Mume wangu, ambaye hakuwahi kuinua sauti mbele ya mkwewe, aliniita jikoni akaninong'oneza, "Tuling'oe hili dubwana. Tuweke hewa ya moto kama watu wengine, na kiangazi tupate ubaridi." Alikuwa na hoja. Nilimjibu kwa mkato, kisha nikazunguka nyumba nzima nikigusa redieta moja moja, sijui nikitafuta nini.

Tukaita fundi, mzee wa Kimarekani mwenye magoti mabovu, aliyeshuka ngazi kinyumenyume. Alichungulia kioo akauliza nani anaongeza maji. Nikasema mama, kila siku. Akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba mvuke ukipoa kwenye redieta hugeuka maji na kurudi chini, hivyo boila halipungukiwi maji kama sufuria la maharage. Maji mapya ya kila siku yalileta kutu, na yalipozidi yalipanda mabombani na kugonga. Tumbo la boila lilikuwa limeshatoboka. Akanipa njia mbili: boila jipya la mvuke, redieta zibaki, au kung'oa vyote na kupitisha hewa. Alitaka jibu Ijumaa.

Siku hizo tatu sikutulia. Kazini nilibandika lebo za Ohio kwenye maboksi ya Texas, msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nilimpigia dada. "Ng'oa, mdogo wangu," alisema. "Mama aende kwa mwanawe wa kiume, watu wanasema." Nikamkatia simu.

Alhamisi mchana nilimkuta mama amekaa kwenye ngazi za chini, macho kwenye kioo. Nikamweleza yote, pamoja na ile kutu. Nilidhani atalia kwa kuharibu boila. Badala yake alishusha pumzi ndefu.

"Mkiweka hewa, hakuna maji ya kuangalia?"

"Hakuna, mama."

"Asante Yesu. Mwanangu, mimi jitu hili silipendi. Naliogopa. Ningeshakwenda kwa kaka yako zamani, lakini nyinyi wote mnatoka asubuhi. Ningewaachaje na sufuria motoni?"

Niliumia vibaya. Miezi yote ile niliyoiita furaha, mama alikuwa kwenye zamu.

Akaliangalia boila tena. "Na hilo jipya la mvuke? Nalo hukauka?"

Fundi alikuwa ameniambia waziwazi kwamba maji yakipungua, boila jipya hujizima lenyewe, na mtu anaweza kulisahau msimu mzima. Nilikuwa nakumbuka kila neno lake nilipofungua mdomo. Njia ya mwongo ni fupi. Niliishika hivyo hivyo.

"Linataka mtu wa kuliangalia," nikasema. "Ila kwa macho tu, mama. Koki usiiguse."

Alikaza kitambaa chake kichwani.

"Basi mwambie kaka yako asinitafutie tiketi."

Nilimpigia fundi hapo hapo, kabla mama hajabadili mawazo, nikamwambia mvuke ubaki.